Cessna ya mpira iliyogeuzwa kuwa ya umeme: tathmini ya seti ya kuundia ndege ndogo ya balsa

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikiunda, kugeuza na kurusha ndege ndogo ya mfano wa Cessna 170, yenye mabawa ya sentimita 61 kutoka ncha hadi ncha, ambayo huuzwa ndani ya boksi ikiwa ni vipande vya mbao za balsa, karatasi ya shashi, ramani na ugwe wa mpira. Mtengenezaji aliikusudia iruke kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, bila mtu yeyote kuiongoza ikishaondoka mkononi. Mimi niliinunua kwa lengo jingine, yaani kuitia mota ya umeme, betri na kipokezi cha redio ili niiongoze nikiwa chini. Tathmini hii inahusu seti hiyo pamoja na vifaa vya umeme nilivyoitia, na nimeiandika kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama kazi hiyo inastahili fedha na muda wake. Jibu langu ni kwamba inastahili, mradi mjenzi aamue tangu siku ya kwanza kwamba anajenga ndege ya umeme na apime kila kipande kabla ya kukigandisha, badala ya kungoja ndege ikamilike ndipo atafute mahali pa kuweka mota.

Sitalitaja jina la mtengenezaji wala la mfanyabiashara aliyeniuzia vifaa vya umeme, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimezikuta katika boksi moja tu, na si haki kumhukumu mtu kwa boksi moja. Seti nililetewa Arusha na mdogo wangu anayefanya kazi Marekani, alipokuja likizo. Betri alizibeba katika mkoba wa mkononi, kwa sababu betri za lithiamu ambazo hazimo ndani ya kifaa haziruhusiwi kuwekwa katika mizigo inayoingia tumboni mwa ndege ya abiria. Anayemwagiza ndugu yake vifaa vya aina hii amkumbushe jambo hilo kabla hajafunga mizigo.

Kuichagua Cessna 170 hakukuwa jambo la bahati. Ndege halisi ilitengenezwa Wichita, Kansas, kati ya mwaka 1948 na 1956. Ina viti vinne, bawa lililokaa juu ya chumba cha rubani, gurudumu dogo mkiani na injini yenye nguvu za farasi 145. Ndiyo iliyozaa Cessna 172, ambayo kimsingi ni ndege hiyohiyo iliyohamishiwa gurudumu la tatu puani. Wakazi wa Arusha, ambao kila asubuhi huziona Cessna Caravan zikiondoka uwanja wa ndege wa Kisongo kuelekea Serengeti, wanalitambua umbo hilo mara moja, na watoto wa mtaani kwetu waliitambua yangu ikiwa bado mifupa mitupu. Mabawa ya ndege halisi yana urefu wa mita 10.97, kwa hiyo mfano huu ni sehemu moja ya 18. Kwa mjenzi, faida kubwa ya umbo hili ni kwamba uzito wote unaning'inia chini ya bawa, mwili una upana wa kutosha kupokea betri, na pua ina urefu wa kutosha kubeba mota mbele ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ikitegemezwa. Seti nyingi zinazouzwa rafu moja na hii ni za ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia. Hizo zinavutia sana kwa macho, lakini nyingi zina bawa la chini, pua fupi na mkia mdogo, nami nisingependa mtu yeyote azigeuze kabla ya kugeuza moja yenye bawa la juu.

Nguvu ya mpira ina historia yake ya heshima. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo iliyoendeshwa na mpira uliosokotwa, ikakaa hewani takriban sekunde 11 bila kuyumba. Siri yake ilikuwa bawa dogo la mkiani aliloliweka kwa pembe ya kusawazisha, pamoja na ncha za mabawa alizoziinua juu. Mambo hayo mawili yamo katika seti yangu vilevile, na ndiyo yanayoirahisisha kazi ya kuigeuza, kwa kuwa ndege iliyobuniwa kujisawazisha yenyewe inamvumilia rubani anayekosea, nayo hurudi katika hali yake akiiachia usukani.

Tofauti iko katika namna nguvu inavyotoka. Mpira uliosokotwa hutoa msukumo mkali sana katika sekunde za kwanza, kisha hupungua haraka, na ndiyo maana ndege ya mpira hupanda kwa kasi, hulegea, halafu huteleza hewani hadi chini. Mota ya umeme hutoa msukumo ule ule karibu muda wote, nao uko chini ya kidole cha rubani. Akiba ya nishati nayo haifanani hata kidogo. Betri ya lithiamu polima ya gramu nne hubeba takriban jouli 2,000, ilhali mpira mzuri wa uzito huohuo, ukisokotwa karibu na kukatika, hubeba jouli zipatazo 40. Mtu akiiona tofauti hiyo ya mara 50 hudhani kwamba umeme utashinda kwa urahisi. Ukweli ni kwamba betri haiji peke yake: huja na mota, gia, kipokezi, sevo (yaani vimota vidogo vya kusogeza sukani), nyaya na viungo, na jumla yake inaizidi kwa mbali ile gramu tano au sita ya mpira ambayo mbunifu aliitarajia. Kwa hiyo swali zima la ugeuzaji ni swali la uzito, na ndilo nililotumia miezi mitatu kati ya minne kulishughulikia.

Tuanze na mbao zenyewe. Balsa ya biashara hutoka zaidi Ekuado, na mti wake hukua haraka mno, kiasi kwamba mti mmoja unaweza kutoa mbao nyepesi sana na nzito sana. Balsa inayofaa kwa ndege ndogo huwa na uzito wa kilo 100 hadi 130 kwa mita ya ujazo. Kwa kuwa sikuwa na mizani ya kupimia vitu vidogo, nilimwomba rafiki yangu anayefanya biashara ya vito mjini aniazime mizani yake ya kupimia tanzanaiti, ambayo husoma hadi sehemu ndogo ya gramu. Kipande kimoja cha ubao wa unene wa milimita 1.6, upana wa sentimita 7.5 na urefu wa sentimita 45 kilikuwa na gramu 11.9, sawa na kilo 220 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni balsa ya kujengea boti za kuchezea. Kipande kingine chenye vipimo vilevile, kilichotoka ndani ya boksi hilohilo, kilikuwa na gramu 6.8. Ni dhahiri kwamba mbao hazikuchaguliwa kwa uzito, na kwa bahati mbaya ubao ule mzito ndio uliochongwa vipande vya mkia.

Nalitaja jambo la mkia kwa msisitizo kwa sababu ndilo lililokaribia kuniharibia kazi. Katika ndege hii kitovu cha uzito kinapaswa kukaa milimita 27 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Mkia uko sentimita 27 nyuma ya hapo, wakati mahali pa betri ni sentimita nane au tisa tu mbele yake. Kwa kanuni ya mizani tunayowafundisha wanafunzi wa sekondari, kila gramu moja ya ziada mkiani inadai karibu gramu tatu puani ili ndege isawazike. Mkia uliomo katika seti, ukiunganishwa na kupakwa gundi kama ramani inavyoelekeza, ulikuwa na gramu 3.9. Niliuweka kando, nikanakili umbo lake kutoka kwenye ramani, nikajenga mwingine kwa vijiti vya balsa nyepesi vya milimita 2 kwa 2, nao ukawa na gramu 1.8. Gramu mbili hizo zilizookolewa nyuma zilinipunguzia gramu sita za madini ya risasi ambazo vinginevyo ningelazimika kuzigandisha puani, tena risasi ambayo haisukumi, haiongozi na haibebi chochote.

Vipande vimekatwa kwa mwanga wa leza, na hapo seti inastahili sifa kamili. Mbavu zote 18 za mabawa zilitoka kwenye ubao bila kulazimishwa, zikalingana nilipozipanga pamoja, na matundu ya mhimili yalipokea ufito bila kukatwa zaidi. Leza huacha ukingo wa kahawia ulioungua, ambao gundi haiushiki vizuri. Pitisha msasa laini mara moja au mbili kabla ya kuunganisha. Ramani nayo ni nzuri, imechorwa kwa ukubwa halisi, mistari yake ni safi, na kila kipande kina namba. Nilipeleka ramani hiyo kwa mtu wa mashine ya kunakili kabla sijaitoboa kwa pini, nikapima nakala kwa rula ili kuhakikisha haikupungua ukubwa. Maelezo ya ujenzi, kwa upande mwingine, yanadhani msomaji amewahi kujenga ndege kadhaa: mwili wote umeelezwa kwa aya tatu.

Mwili wa ndege ya mpira hujengwa kwa mantiki tofauti na ule wa umeme, na hapa mjenzi anahitaji kuiacha ramani kwa ujasiri. Mpira ukishasokotwa huvuta pua na mkia kana kwamba unataka kuzikutanisha, kwa hiyo mwili umewekewa fito nne nene za kuhimili mkandamizo huo, na karibu na mkia kuna vibao viwili vigumu vinavyoshika kijiti cha kufungia mpira. Ndege ya umeme haina mvutano wa aina hiyo. Viondoe vibao vile na kijiti chake, kwa kuwa ni uzito mtupu uliokaa mahali pabaya kuliko pote. Nyuma ya bawa nilipunguza unene wa fito na kutoboa mataruma, yaani zile mbao za umbo la duara zinazoupa mwili upana wake kama mataruma ya jahazi. Mbele ya bawa nilifanya kinyume. Pua ya seti ni bonge la balsa lenye tundu la kupitishia mhimili wa rafadha, au propela kama wengi tunavyoiita, nalo haliwezi kushika mota. Nililitupa, nikaweka ukuta wa plaiwudi ya milimita 0.8, nikaugandisha kwa fito zote nne, kisha nikapachika juu yake kijiti kigumu cha kushikilia mota na gia. Ukuta huo niliuinamisha ili mota ielekee chini kwa nyuzi tatu na kulia kwa nyuzi mbili. Mbunifu alikuwa ameacha nafasi ya kurekebisha pembe hiyo kwa vipande vya karatasi nyuma ya bonge, lakini mota ikishagandishwa si rahisi tena kuibadili, hivyo ni bora pembe iamuliwe wakati wa kujenga.

Chini ya pua nilikata mlango mdogo unaofungwa kwa sumaku mbili zilizotoka kwenye spika za masikioni zilizoharibika. Betri huingia hapo, nayo inaweza kusogezwa mbele au nyuma kwa sentimita mbili. Usogezaji huo mdogo ulitosha kusawazisha ndege bila risasi hata chembe. Nilitoboa pia tundu la hewa mbele na jingine kubwa zaidi nyuma, kwa sababu mota ndogo hupata joto kali na haina njia nyingine ya kulitoa.

Uongozaji ni wa sukani mbili tu: usukani wa wima unaogeuza ndege kulia na kushoto, na usukani wa ulalo unaopandisha na kushusha pua. Mabawa hayana sehemu inayosogea. Ili ndege igeuke vizuri kwa usukani wa wima pekee, ncha za mabawa zinapaswa kuinuliwa zaidi ya ramani inavyoonyesha; ramani inatoa sentimita mbili kila upande, nami niliziinua hadi sentimita tatu na nusu. Niliongeza pia msokoto mdogo, ukingo wa nyuma wa kila ncha ukiwa juu kwa milimita mbili, ili ndege ikipungua kasi mno bawa lisianze kuporomoka kutoka nchani. Vijiti vinavyounganisha bawa na mwili, ambavyo katika seti ni mapambo, niliviimarisha kwa waya mwembamba ndani vifanye kazi yake halisi, na bawa likakaza kwa namna nisiyoitarajia. Bawaba za sukani ni vipande vya utepe mwembamba wa plastiki, na kutoka kwenye sevo hadi mkiani kuna fito mbili za kaboni zenye unene wa nusu milimita, kila moja ikiwa na waya mdogo uliokunjwa katika ncha zake.

Kuhusu karatasi ya shashi sina malalamiko. Iliyomo ndani ya boksi ni nyepesi, inanyooka vizuri ikinyunyiziwa maji, na safu mbili za vanishi iliyozimuliwa ziliizuia kulegea wakati wa unyevu wa asubuhi. Mkiani nilipaka safu moja tu.

Vifaa vya umeme ndivyo vilivyonipa furaha na usumbufu kwa pamoja. Nilichagua kibao kimoja cha gramu nne ambacho kimekusanya kipokezi, kidhibiti cha kasi ya mota na sevo mbili ndogo, kwa sababu vifaa hivyo vikinunuliwa kimoja kimoja huzidi uzito huo mara mbili au tatu. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba kibao hicho kinakubaliana na rimoti niliyokuwa nayo, na haikuwa kweli. Rimoti nyingi za leo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, lakini kila mtengenezaji ana utaratibu wake wa kupanga ujumbe ndani ya masafa hayo, na vifaa viwili visivyo na utaratibu mmoja havisikilizani hata vikiwekwa meza moja. Nilipoteza wiki tano nikisubiri rimoti nyingine. Kabla ya kulipa, mnunuzi asiridhike na kuona namba 2.4 pande zote mbili; aulize jina la utaratibu wenyewe, na aombe jibu kwa maandishi.

Kiungo cha betri kilichokuja na kibao hakikulingana na kile cha betri. Kulehemu waya mwembamba kama uzi wa kushonea si kazi ya mkono wangu, hivyo nilikwenda kwa fundi simu aliye karibu na stendi. Baada ya shikamoo na marahaba, aliuchunguza kwa miwani yake ya kukuzia, akaniambia, “Mwalimu, hii ni kama kiungo cha simu ndogo, niachie nusu saa.” Alifanya kazi safi kuliko zote zilizomo katika ndege hii, na kabla ya kunikabidhi alipima kwa mita kuhakikisha chanya na hasi havikubadilishana. Ninampendekeza fundi wa aina hiyo kwa yeyote anayejenga kitu kidogo chenye nyaya. Ana kalamu ya kulehemu yenye ncha nyembamba, ana mwanga, na ana mazoezi ya kila siku.

Mota ni ya brashi, yaani vipande vidogo vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kuipitishia umeme, yenye kipenyo cha milimita 8.5, nayo inazungusha rafadha yenye urefu wa sentimita 14 kupitia gia ya takriban tano kwa moja. Rafadha ya plastiki iliyomo katika seti haifai kwa kazi hii: ni nzito, na mteremko wa mapanga yake umekusudiwa mzunguko wa taratibu wenye nguvu kubwa ya mpira. Mota za brashi za ukubwa huu zina maisha mafupi, maana brashi huisha baada ya saa chache za kazi, na anayenunua moja anunue mbili. Bei yake ni ndogo. Mota isiyo na brashi ingedumu zaidi na ingetoa msukumo mkubwa zaidi, lakini ingehitaji kidhibiti chake chenyewe, na kwa ndege ya uzito huu sikuona sababu ya kuongeza gramu hizo.

Mwishoni ndege ilikuwa hivi: gamba lote (yaani ndege bila vifaa vya umeme na rafadha) pamoja na magurudumu gramu 41, kibao gramu 4, mota na gia gramu 7, rafadha gramu 2, betri gramu 6.5, nyaya na viungo gramu 2.5. Jumla ni gramu 63 kwa eneo la mabawa la desimita mraba 5, yaani chini kidogo ya gramu 13 kwa kila desimita mraba. Ningalijenga kwa kufuata ramani neno kwa neno na kwa mbao zilizomo ndani ya boksi pekee, hesabu yangu inaonyesha ingezidi gramu 75, na sehemu ya uzito huo ingekuwa risasi puani.

Gramu hizo zina maana zaidi kwetu wa nyanda za juu kuliko kwa mjenzi wa Tanga au Mombasa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13. Bawa lilelile, kwa uzito uleule, hulazimika kwenda kwa kasi zaidi kwa takriban asilimia 7 ili liibebe ndege, na rafadha nayo hushika hewa kidogo zaidi. Maelezo ya seti yameandikwa na mtu wa mwambao wa Marekani, na hayawezi kumwambia msomaji jambo hili.

Niliirusha mara ya kwanza katika uwanja wa mpira wa shule, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaanza kuvuma. Mwenye nia ya kurusha chombo chochote cha redio aulize kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu eneo lake, na akae mbali kabisa na njia za Kisongo. Nilianza bila mota, nikaisukuma taratibu kutoka usawa wa bega juu ya nyasi ndefu. Ikateleza mita kumi na mbili na kutua kwa magurudumu. Kwa mota, safari ya kwanza iliishia ubavuni mwa goli, kwa sababu nilitoa nguvu zote mara moja na ndege ikainua pua hadi ikasimama hewani. Ubavu mmoja wa bawa la kushoto ulivunjika. Niliukata mwingine kutoka kwenye ule ubao mwepesi, nikaongeza nyuzi moja ya mwinamo wa mota kuelekea chini, na tangu hapo haijarudia kosa hilo.

Sasa ndege huondoka mkononi kwa robo tatu ya nguvu, hupanda kwa mwendo wa kutulia, na kwa nusu ya nguvu huendelea kwenye kimo kimoja. Nimeipima ikikata mita 50 kwa sekunde 8 hivi. Hugeuka kwa kuchelewa kidogo, kama ndege yoyote inayotegemea usukani wa wima, na anayeiongoza hujifunza kuanza kona mapema. Ukiachia vidole hujinyoosha yenyewe baada ya mtikisiko mmoja au miwili, na hapo ndipo ninapomshukuru mbunifu wa seti kwa moyo wote. Kwa betri ya miliampia-saa 240 hukaa hewani dakika saba, nikibakiza moja ya tano ya chaji. Nimezoea kushusha ndege mapema, kwa sababu seli ya lithiamu polima inayojaa kwa volti 4.2 huharibika ikishuka chini ya volti 3, na kuvimba kwake hakutibiki. Betri zikikaa bila kazi huziacha kwenye volti 3.8, ndani ya kopo la bati. Upepo ndio mpaka wake wa kweli: majani ya migomba yakianza kutikisika, naifunga kwenye boksi lake na kurudi nyumbani.

Gharama yote ilikuwa karibu dola 40 kwa seti na dola 75 kwa vifaa vya umeme, bila kuhesabu rimoti ambayo itatumika kwa ndege nyingine. Kwa fedha hizo mtu anaweza kununua ndege ya povu iliyokamilika na kuirusha siku hiyohiyo, na kwa anayejifunza kuongoza kwa mara ya kwanza ninamshauri afanye hivyo, kwa kuwa povu huanguka mara ishirini na kugandishwa, ilhali shashi na balsa havina subira hiyo. Anayejua tayari kuongoza, na anayependa kuona jua likipenya kwenye mabawa na kuonyesha kivuli cha kila ubavu, anunue seti hii, aongeze vipande vinne vya balsa nyepesi, na atafute mizani kabla ya gundi. Ramani niliyoinakili bado ninayo. Kwa ramani hiyo nimeanza ndege ya pili, safari hii bila kutumia ubao wowote wa ndani ya boksi isipokuwa mbavu, na mwili wake ulio mezani una gramu 9 hadi sasa.